Daftari la Anwani za Intaneti na Wanaolitunza

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, wahandisi wenzangu, nanyi wanasheria na watunga sera mliokubali kukaa chumba kimoja na wahandisi, nawashukuru kwa nafasi hii.

Utawala wa intaneti ni mada inayopenda maneno makubwa: mamlaka ya mataifa, haki za watumiaji, nguvu za makampuni. Mengi ya hayo yana pahala pake. Leo nitajifunga kwenye kipande kimoja ambacho hakisikiki sana majukwaani, ingawa kikiharibika kila mtu hujua: nani anagawa namba za intaneti, anazigawa kwa utaratibu gani, na kwa nini namba ikishaandikwa kwa jina lako bado inaweza kukuponyoka.

Hoja yangu ni moja. Ugawaji wa anwani ni kazi ya kutunza daftari. Nyuma ya daftari hilo hakuna polisi, wala hakuna mkataba wa mataifa unaoilazimisha ruta yoyote, yaani kifaa cha kuelekeza data, kulifuata. Linafuatwa kwa sababu wenye mitandao, makumi ya maelfu kwa hesabu, wameona faida ya kulifuata. Nguvu yake yote imo humo, na udhaifu wake pia. Anayeacha maandishi yake yachakae amejivua ulinzi pekee alionao.

Tuanze na hesabu. Anwani ya IPv4, toleo la anwani lililozoeleka, ni namba ya biti 32, kwa hiyo zote kwa jumla ni 4,294,967,296, na haiwezekani kuongeza hata moja. Si zote zinazoweza kutumika hadharani. Hugawiwa kwa vitalu, na namba baada ya mkwaju huonyesha ukubwa wa kitalu: ikiwa ndogo, kitalu ni kikubwa. Vitalu vya 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 vilitengewa mitandao ya ndani, kwa utaratibu uliochapishwa Februari 1996. 127.0.0.0/8, anwani milioni 16 na ushei, imewekwa ili kompyuta izungumze na nafsi yake. 240.0.0.0/4, yenye zaidi ya anwani milioni 268, imekaa akiba miaka yote hiyo, na vifaa vingi vimeundwa kuikataa. Ukitoa hizo na zile za kutuma kwa makundi, zinabaki kama bilioni 3.7. Ndizo dunia nzima inazogombea.

Zamani hakuna aliyegombea. Daftari lilikuwa mikononi mwa Jon Postel, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, na kazi yake ndiyo iliyokuja kuitwa IANA. Taasisi iliomba, ikaandikiwa. Ndiyo maana hadi leo Apple ina kitalu kizima cha 17.0.0.0/8, anwani 16,777,216, na Ford ilipewa 19.0.0.0/8. Wakati huo mashine zilikuwa chache, na njia ya kugawa vitalu kwa ukubwa wowote unaotakiwa haikuwapo. Uliyepewa ulipewa kikubwa, cha kati au kidogo, basi.

Januari 1998 Postel aliwaandikia waendeshaji wa seva za mzizi wa majina, ambako utafutaji wa kila jina la intaneti huanzia, akiwataka wachukue nakala ya faili la mzizi kutoka kwenye mashine yake badala ya mashine ya kampuni iliyokuwa na mkataba na serikali ya Marekani. Wanane walitii. Serikali ilipopinga, akawaambia warudi, wakarudi. Hakuna pakiti, yaani kifurushi cha data, iliyopotea. Wanasheria watalitazama tukio hilo kwa jicho lao. Kwa mhandisi lilionyesha wazi kwamba barua pepe ya mtu anayeaminika ilitosha kuhamisha kitovu cha mfumo. Miezi michache baadaye, Septemba 1998, ICANN, shirika la kusimamia majina na namba za intaneti, ilianzishwa ili kazi hiyo isitegemee mtu mmoja, na Oktoba Postel akafariki.

Mpangilio wa sasa una ngazi tatu. Juu kabisa IANA, inayoendeshwa na PTI, kampuni tanzu ya ICANN, inatoa vitalu vikubwa kwa sajili tano za kikanda. RIPE NCC ya Amsterdam ilianza 1992 na inahudumia Ulaya, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia ya Kati. APNIC ilifuata 1993 kwa Asia na Pasifiki. ARIN ya 1997 inahudumia Marekani, Kanada na baadhi ya visiwa vya Karibi. LACNIC ya 2002 ni ya Amerika ya Kusini na ya Kati. AFRINIC, yenye makao Mauritius, ilitambuliwa 2005 kwa ajili ya Afrika. Sajili hizo huwagawia wanachama wao, yaani watoa huduma za intaneti, vyuo, benki, idara za serikali, nao wanachama huwagawia wateja. Sera za ugawaji haziandikwi na bodi za sajili. Zinaandikwa na yeyote anayetoa pendekezo, likajadiliwa hadharani hadi mwenyekiti wa mjadala aone kuna mwafaka. Huhitaji kuwa mwanachama ili useme. Wasiosema ni wengi mno, kisha wanashangaa sera ikipita.

Tarehe 3 Februari 2011 IANA ilitoa vitalu vyake vitano vya mwisho vya ukubwa wa /8, kimoja kwa kila sajili. Kuanzia hapo kila kanda ilikula akiba yake kwa kasi yake. ARIN ilimaliza Septemba 2015. RIPE NCC ilimaliza 25 Novemba 2019, na anayeomba sasa anawekwa kwenye foleni ya kusubiri kitalu kimoja cha /24, yaani anwani 256, zinaporudishwa na mtu mwingine. AFRINIC ilichelewa kuliko zote kufika kwenye hatua ya mgao wa kubana, na kuchelewa huko ndiko kulikofanya akiba yake itamaniwe na watu wa mbali.

Maana soko lilikuwa limeshazaliwa. Mwaka 2011 Microsoft ilinunua anwani 666,624 za kampuni ya Nortel iliyokuwa imefilisika, kwa dola milioni 7.5, kama dola 11 na robo kwa moja. Kufikia mwisho wa 2021 anwani moja ilikuwa ikiuzwa zaidi ya dola 50. Bei imeshuka tangu hapo, lakini gharama ya kukodi haijashuka: tangu Februari 2024 huduma ya wingu ya Amazon inatoza nusu senti kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya hadharani, ambayo kwa mwaka inafika karibu dola 44. Zidisha kwa seva zako.

Hapa wanasheria huuliza swali zuri: anwani ni mali? Mikataba ya sajili inasema hapana. Unapewa haki ya kutumia, na jina lako linaandikwa daftarini. Ni kama kuwa na hati ya kiwanja katika nchi ambayo ardhi yote ni ya umma: unauziana na mwenzako, lakini kisichobadilishwa jina masjala hakijauzwa. Kwa hiyo ukinunua anwani, usilipe kwa mkataba wa muuzaji pekee. Fedha zikae kwa mtu wa tatu, sajili ikamilishe uhamisho, ndipo zitolewe. Na kabla ya yote kagua historia ya kitalu: kilitangazwa na nani miaka iliyopita, kimo kwenye orodha nyeusi za barua taka, na huduma za kutambua mahali zinadhani kipo nchi gani. Kitalu kilichotumika kutuma taka huchukua miezi kusafishika, na hakuna anayekulipa fidia ya miezi hiyo.

Asiyeweza kununua anagawana. Teknolojia ya kugawana inaitwa NAT ya mtoa huduma, nayo imetengewa anwani zake za ndani, 100.64.0.0/10, zipatazo 4,194,304. Naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo sera na uhandisi vinapokutana bila kusalimiana. Anwani moja ya hadharani ina poti 65,536, yaani milango ya miunganisho yenye namba. Ukiacha 1,024 za mwanzo, zinabaki 64,512. Ukimpa kila mteja fungu la poti 1,024, anwani moja inabeba wateja 63; ukimpa 512, inabeba 126. Kwenye karatasi hiyo ya pili inapendeza. Lakini ukurasa mmoja wa leo hufungua miunganisho kadhaa kwa mpigo, simu hiyohiyo ina programu ishirini zinazosubiri ujumbe, na nyumba ina simu tano. Poti zikiisha hakuna kinachotoa taarifa: maandishi yanafunguka, picha hazifunguki, mteja anapiga simu kusema intaneti iko polepole, na fundi anapima kasi anakuta iko sawa.

Tatizo la pili ni sifa ya anwani. Mteja mmoja kati ya wale 63 akiambukizwa programu hasidi, wote wanaanza kuulizwa na tovuti wathibitishe kuwa si roboti.

La tatu linawahusu waheshimiwa wa vyombo vya sheria. Barua inayokuja kwa mtoa huduma ikisema “tupatieni aliyetumia anwani hii tarehe fulani, saa nne usiku” haijibiki. Majibu yatakuwa majina 63. Ili apatikane mmoja inahitajika anwani, namba ya poti ya mtumaji, na muda hadi sekunde, kwa saa za UTC. Seva nyingi kwa mpangilio wa kawaida hazirekodi poti ya mtumaji, ingawa pendekezo la kiufundi la kuirekodi lipo tangu Juni 2011. Ni mstari mmoja wa kuongeza kwenye mpangilio wa kumbukumbu za seva. Nchi inayotaka ushahidi bora ingeanza na mstari huo kabla ya kuandika sheria mpya ya kuhifadhi data. Na mtoa huduma asiyetaka kuhifadhi mabilioni ya mistari kwa siku anaweza kupanga mafungu ya poti kwa kanuni maalumu, ili mteja ajulikane kwa kukokotoa bila kutafuta kwenye rekodi.

IPv6, toleo jipya la anwani, inaondoa mzigo huo wote, na sina haja ya kuihubiri kwenu. Biti 128, mtoa huduma huanza na /32, ambayo ndani yake mna vitalu 65,536 vya /48. Nitataja tu panapovunjika. Wapo wanaompa mteja wa nyumbani /64 moja kwa ubahili waliouzoea kwenye IPv4, halafu mteja anashindwa kutenga mtandao wa wageni kwa kuwa kujipangia anwani kwenye IPv6 kunadai /64 kwa kila mtandao mdogo. Mpe /56, ana mitandao 256, na hujapungukiwa na kitu. Wapo wanaozuia ICMPv6, yaani ujumbe wa mitandao kupashana habari za hitilafu, yote kwenye faiawoli kwa kudhani wanajilinda. Ndani ya ICMPv6 kuna ujumbe wa “pakiti imezidi ukubwa”, na kwenye IPv6 ruta za njiani hazikati pakiti. Ukizuia ujumbe huo, tovuti zinaanza kufunguka kisha zinaganda. Na wapo walioandika kanuni za faiawoli kwa IPv4 tu, mlango wa mbele umefungwa kwa kufuli na wa nyuma uko wazi. Kibaya zaidi, vivinjari hujaribu IPv6 na isipoitika kwa robo sekunde hivi hurukia IPv4, kwa hiyo kasoro inaishi miezi bila mtu kulalamika.

Sasa nije kwenye njia, maana kuandikwa daftarini hakukufikishii pakiti. Mitandao huambiana kwa itifaki ya BGP: mimi ninavyo vitalu hivi, nileteeni. Itifaki yenyewe haikagui kama unavyo kweli. Na kanuni yake kuu ya uchaguzi ni kwamba kitalu kidogo hushinda kikubwa kinachokizunguka.

Tazama tarehe 24 Februari 2008. YouTube ilikuwa inatangaza 208.65.152.0/22. Pakistan Telecom, ikitekeleza agizo la ndani la kuzuia YouTube, ilitengeneza njia ya 208.65.153.0/24 ili kuutupa mzigo huo shimoni ndani ya mtandao wake. Njia hiyo ikavuja saa 18:47 UTC hadi kwa mtoa huduma wake wa juu, PCCW Global, ambaye hakuwa na kichujio cha kumuuliza mteja wake “hiki ni chako?”. Akaisambaza duniani. /24 ni ndogo kuliko /22, ikashinda, na watazamaji wa dunia nzima wakaelekezwa kwenye shimo. Saa 20:07 YouTube ikatangaza /24 hiyohiyo, wakawa sawa kwa sawa: baadhi ya mitandao ikarudi, mingine ikabaki. Saa 20:18 ikatangaza /25 mbili, lakini mitandao mingi haipokei kitalu kidogo kuliko /24, kwa hiyo msaada ukawa wa nusu. Ugonjwa ulikwisha saa 21:01, pale PCCW ilipozifuta njia zilizotoka kwa mteja wake. Ona ni nani aliyeutibu ugonjwa. Si serikali, si ICANN, si sajili. Ni mhandisi wa mtandao wa katikati aliyefanya kile ambacho angepaswa kuwa amekifanya tangu siku ya kwanza ya mkataba.

Dawa iliyopatikana baadaye imelirudisha daftari ndani ya ruta. Inaitwa RPKI. Mwenye kitalu anatoa hati yenye saini ya kidijitali, ROA, ikisema mambo matatu: kitalu, namba ya AS, yaani utambulisho wa mtandao, inayoruhusiwa kukitangaza, na udogo wa mwisho unaoruhusiwa. Mitandao inayokagua huipa kila njia hukumu moja kati ya tatu: halali, batili, au haijulikani. Batili hutupwa. Isiyojulikana hupita, la sivyo nusu ya dunia ingezimika siku ileile.

Kuitengeneza ROA ni kazi ya dakika tano kwenye akaunti yako ya sajili, na ndiyo maana inaharibiwa kirahisi. Chukua mtoa huduma mwenye /22, yaani /24 nne, na AS64496, namba iliyotengwa kwa mifano. Tatu anazitumia mwenyewe. Ya nne amempa benki inayoitangaza kwa AS64500. Akiandika ROA ya /22 kwa AS64496 kabla ya kuandika ya benki, tangazo la benki linakuwa batili papo hapo, na benki inapotea mitandaoni huku kila kifaa chake kikiwaka kijani. Utaratibu ni kuanzia chini: kwanza orodhesha matangazo yote yanayoonekana duniani chini ya kitalu chako, yakiwemo ya wateja na ya kampuni inayokusafishia mashambulizi, andika ROA za hao, subiri zisambae, ndipo uandike yako. Kusambaa huchukua dakika kumi kwa wengine, saa moja au zaidi kwa wengine.

Kosa la pili ni udogo wa mwisho. Mtu anaandika /22 hadi /24 “ili niwe na uhuru baadaye”, lakini anatangaza /22 tu. Amemfungulia mwizi. Mwizi anatangaza /24 akighushi kwamba imeanzia AS64496, hati inasema ni halali, na kwa kuwa ni ndogo inashinda. Andika unachotangaza, basi. Ukihitaji /24 wakati wa shambulio, hati yake iandaliwe kabla.

La tatu ni nywila. Tarehe 3 Januari 2024 mtu aliingia kwenye akaunti ya sajili ya Orange ya Hispania, iliyokuwa na nywila dhaifu na bila uthibitisho wa hatua mbili, akaandika ROA zenye namba ya AS isiyo yake. Mitandao ya dunia ikatii daftari kama inavyopaswa, ikatupa njia halali za kampuni hiyo, na huduma ikayumba kwa saa kadhaa. RIPE NCC ililazimisha uthibitisho wa hatua mbili mwaka huohuo. Ulinzi ulifanya kazi barabara, ila ulikuwa unamtumikia mwizi.

Niongeze kwamba ROA inathibitisha mwanzo wa njia tu, haithibitishi mitandao iliyo katikati. Hati ya aina ya ASPA, inayotaja watoa huduma wako wa juu, ndiyo inayokuja kuziba pengo hilo.

Maandishi mengine ya daftari yanachosha kuyataja, nayo ndiyo yanayoumiza watu. Anwani ya kuwasiliana iwe ya kitengo, isiwe ya Fulani aliyeacha kazi. Wizi wa vitalu unapenda njia hii: kampuni imekufa au imebadili jina, kikoa cha barua pepe kilichoandikwa daftarini kimeisha muda, mtu anakisajili upya kwa bei ya kawaida, anapokea barua za sajili, anajitambulisha kama mwenye mali na kuomba uhamisho. Hivyo kikoa cha zamani kiendelee kulipiwa mpaka jina lake litakapokuwa limetoka kwenye kila rekodi. Na majina ya kinyume, yanayotoka kwenye namba kwenda kwenye jina: kitalu cha 203.0.113.0/24 kinahitaji kikoa cha 113.0.203.in-addr.arpa kielekezwe kwenye seva zako za majina. Ukisahau, tovuti zitafunguka vizuri kabisa, ila barua pepe zako zitakataliwa na wapokeaji wakubwa, nawe utamlaumu fundi wa barua pepe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona muda. Nigusie siasa za daftari.

Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Tunis, Novemba 2005, ulikaribia kuvunjika kwa swali la nani awe juu ya ICANN. Ulimalizika kwa kuunda Jukwaa la Utawala wa Intaneti, linalokutana tangu Athens 2006 na ambalo kwa makusudi halipigi kura. Desemba 2012, Dubai, nchi 89 zilitia saini kanuni mpya za mawasiliano ya simu na 55 zilizokuwapo hazikutia, na sehemu ya mgawanyiko ilikuwa hofu kwamba intaneti inaingizwa mlango wa nyuma. Marekani yenyewe ilikuwa na mkataba wa usimamizi wa IANA, na iliuacha uishe tarehe 1 Oktoba 2016, baada ya jaji wa Texas kukataa, siku moja kabla, ombi la majimbo manne la kuzuia. Siku iliyofuata hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeona tofauti. Mimi nasema hilo ndilo lililokuwa lengo.

Mwaka 2022 Ukraine iliiomba ICANN iondoe vikoa vya Urusi, na RIPE NCC iondoe haki ya anwani. Zote mbili zilikataa. Wengi waliona ni ubaridi wa moyo. Lakini daftari likianza kufutwa majina kwa sababu ya vita, hata vita ambayo mkosaji wake yuko wazi, kila nchi itaanza kutunza daftari lake, na yakiwa mawili hakuna lenye nguvu. Uamuzi ule nauunga mkono, nikijua ni mgumu kumweleza aliyepigwa bomu.

Hatari kubwa zaidi imetoka pasipotarajiwa. Ukaguzi uliotangazwa Januari 2021 ulionyesha kwamba zaidi ya anwani milioni 4 zilikuwa zimechotwa kwenye rekodi za AFRINIC isivyo halali, zikiwemo zilizoandikwa kwa majina ya makampuni ya zamani. Mwaka huohuo mgogoro na mwanachama mmoja juu ya mamilioni ya anwani ulifikishwa mahakamani Mauritius, na akaunti za benki za sajili zikazuiwa. Bodi ikakosa akidi, 2023 mahakama ikateua msimamizi, uchaguzi wa Juni 2025 ukafutwa, na bodi mpya ikapatikana Septemba 2025. Kwa muda wote huo wafanyakazi waliendelea kufungua daftari kila asubuhi. Wanastahili heshima kuliko waliyopewa.

Waraka unaoitwa ICP-2, wa mwaka 2001, unaeleza jinsi sajili mpya inavyotambuliwa. Hausemi chochote kuhusu sajili iliyokwama: nani atangaze kwamba imekwama, nani achukue nafasi. Tangu 2024 unaandikwa upya, na rasimu zimetolewa kwa maoni ya umma. Kwenye maoni hayo wengi wanajadili kura na bodi. Ningeomba walioko humu wasome vifungu vya makabidhiano kwa jicho la mhandisi. Sajili ikishindwa kesho, anwani hazizimiki. Njia zilizotangazwa zitaendelea kutangazwa. Kitakachokufa ni saini. Orodha zinazoambatana na ROA huwa na uhai mfupi na husainiwa upya mara kwa mara, aghalabu kila siku. Zikikosa wa kuzisaini muda wake unakwisha, na kila njia ya kanda hiyo inashuka kutoka halali hadi haijulikani. Mtandao utaonekana mzima, na kila kitalu kitakuwa wazi kwa atakayekitangaza. Kwa hiyo rasimu ijibu maswali matatu: funguo za kusaini zina nakala wapi na nani anaweza kuziwasha, nakala ya rekodi za wanachama inapelekwa nje ya nchi ya sajili kila baada ya muda gani, na sajili inayopokea imewahi kujaribu kuifungua. Jibu la swali la tatu lidaiwe kwa tarehe ya jaribio, na matokeo yake yachapishwe.

Asanteni kwa kunisikiliza.